Mgonjwa Wangu Alipumua Saa Nane Ikiwa Bado ni Saa Nne

Ilikuwa saa nne asubuhi, na mgonjwa wa kitanda cha tisa alikuwa ameshapumua vizuri saa nane mchana.

Soma tena. Hujakosea.

Kwenye chati yake, kwa mwandiko wangu na sahihi yangu, ilionekana kwamba saa nane mchana alipumua mara kumi na nane kwa dakika, joto thelathini na sita nukta nane, presha safi kabisa. Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa nne na dakika tano.

Mimi si nabii. Mimi ni nesi.

Nawasimulia kisa hiki bila kujipendelea. Miaka mitatu imepita, na kila nikikaa nacho peke yangu kinaniwasha. Wenye hasira za karibu naomba mvumilie hadi mwisho, ndipo mnitukane mkiwa na habari kamili.

Nilikuwa wodi ya wanaume, upande wa upasuaji. Vitanda ishirini na nne, manesi wawili kwa zamu, na mashine moja ya presha ambayo ukanda wake ulishikiliwa na plasta. Plasta yenyewe tuliibadilisha kila Jumatatu.

Kila baada ya saa nne, kila mgonjwa lazima achukuliwe vipimo vinne: joto, presha, mapigo ya moyo na kupumua.

Joto, kifaa kinakupa. Presha na mapigo, mashine inakupa. Kupumua hakuna wa kukupa. Lazima usimame utazame kifua cha mwanaume mwenzako kikipanda na kushuka, dakika nzima. Tena usimwambie, maana ukimwambia unahesabu anaanza kupumua kama yuko kwenye mtihani.

Dakika moja mara watu ishirini na nne. Piga hesabu mwenyewe, halafu ongeza dripu zilizoziba, vidonda vya kusafisha na ndugu wanaouliza choo kiko wapi.

Wiki yangu ya kwanza kazini, nesi mkubwa aliyekuwa ananielekeza alinikuta nimesimama pembeni ya kitanda, nimekodolea macho tumbo la mtu.

"Unafanya nini?"

"Nahesabu kupumua."

"Andika kumi na nane."

"Sijamaliza lakini."

"Anaonekana mzima?"

"Anaonekana."

"Basi kumi na nane. Kumi na nane haijawahi kumfukuzisha mtu kazi."

Alisema kweli. Kwa miaka minane niliandika kumi na nane. Wazee kumi na nane, vijana kumi na nane, aliyekatwa mguu kumi na nane, anayekoroma mpaka dirisha linatetemeka kumi na nane. Nikiamka na furaha naandika ishirini.

Na sikuwa mvivu, naomba hilo lieleweke. Vidonda vyangu vilikuwa safi kuliko vya mtu yeyote pale. Sindano zangu wagonjwa walikuwa wanaziomba. Ila hiyo dakika moja ndiyo niliyokuwa naiiba, na sikuiona kama wizi kwa sababu kila mtu alikuwa anaiiba.

Sasa siku hiyo wakaguzi walikuwa wanakuja saa nane mchana.

Msimamizi wetu wa wodi tulimwita Sista Rula. Alikuwa anatembea na rula mfukoni, anapima shuka limening'inia kiasi gani kila upande. Mwanamke mwenye huruma sana, ila huruma yake ilikuwa na mistari iliyonyooka. Asubuhi ile alitukusanya akasema neno moja tu.

"Nafasi tupu. Sitaki kuona nafasi tupu kwenye chati ya mtu. Mkaguzi hana muda wa kumtazama mgonjwa, anatazama karatasi. Mmenielewa?"

Nilimwelewa mno. Nilipokuwa naandika vipimo vya saa nne, nikaunganisha na vya saa nane hapo hapo. Presha niliongeza moja hapa, nikapunguza mbili pale, ionekane ya kweli. Kupumua sikuhangaika.

Kitanda cha tisa alikuwa amelala mwashi. Mtu wa mabega mapana, aliyezoea kubeba mfuko wa saruji begani huku anaongea na simu. Utumbo wake ulitoboka, akapasuliwa, ukashonwa. Hiyo ilikuwa siku ya tano tangu apasuliwe.

Kwa wasiojua, mtu mzima akipasuliwa tumbo, swali la kwanza tunalomuuliza kila asubuhi, mbele ya mke wake, ni kama amejamba. Hatumtanii. Akijamba tunajua utumbo umeamka, na wodi nzima inafurahi.

"Bado, daktari," mwashi alinijibu asubuhi ile. Wagonjwa wengi wakiona nesi mwanaume wanamwita daktari, na mimi sikuwa nawasahihisha. "Labda kesho."

Jana yake alisema labda kesho. Juzi yake pia. Mapigo ya moyo yalikuwa yanapanda kidogo kidogo, nikayasingizia maumivu.

Mke wake alikuwa anakuja kila asubuhi kumnawisha uso. Kila asubuhi ananiuliza, "Kaka nesi, mgonjwa wangu anaendeleaje?" Nami nashika chati, naisoma kama imeshushwa kutoka mbinguni, namwambia, "Anaendelea vizuri, dada." Anashukuru, anaenda kazini kwake na moyo mweupe.

Jirani yake, kitanda cha kumi, alikuwa mzee mmoja fundi wa saa. Alikuja kwa ngiri. Operesheni yake ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Mara mbili alikatazwa kula tangu usiku, mara mbili mchana akaambiwa arudi kwenye uji. Kwa hiyo alikuwa mtu mwenye nafasi.

Nikiwa narudisha chati za mwisho, akaniita kwa kidole.

"Kijana, njoo."

"Mzee wangu, nina kazi."

"Huyu jirani yangu ni thelathini na mbili."

"Miaka?"

"Kupumua." Akanyanyua mkono wenye saa. "Kwa dakika. Jana nilikuambia ni ishirini na sita, ukaniambia nilale."

Kweli nilimwambia alale.

"Mzee wangu," nikasema, kwa ile sauti ya heshima ambayo haina heshima ndani yake, "wewe umekuja kutengenezwa ngiri, hukuja kukagua wodi. Wakaguzi wapo, wanakuja saa nane, wana gari lao kabisa."

Hakukasirika. Alinitazama kama anatafuta mahali pa kuingiza bisibisi.

"Nimesoma ulichoandika kwenye karatasi yake. Leo kumi na nane, jana kumi na nane, juzi kumi na nane. Mimi mtu akiniletea saa inayoonyesha namba ile ile asubuhi, mchana na jioni, simwambii iko vizuri. Namwambia imesimama."

Wa kitanda cha kumi na moja akacheka, akashika mshono wake, akaacha kucheka.

Mimi nikapandwa na hasira. Ni ile hasira ya mtu aliyekamatwa, ambayo huwa kali kuliko zote. Nikasema moyoni, huyu mzee namhesabia sasa hivi mbele ya macho yake, nimnyamazishe mpaka atakapotoka hospitali.

Nikashika mkono wa mwashi kama napima mapigo, nikatazama kifua chake kwa pembe ya jicho, nikaanza.

Nilipofika kumi na nane, nikaangalia saa yangu. Zilikuwa zimepita sekunde thelathini na nne.

Yaani kumi na nane yangu ilikuwa imeshafika na dakika ilikuwa bado inaendelea.

Nikamaliza. Thelathini na mbili. Nikarudia, nikapata thelathini na tatu.

Nikafunua shuka. Tumbo lilikuwa limejaa na gumu kama ubao, nilipoligusa tu akakunja uso. Miguu ya baridi. Mapigo mia moja na kumi na sita. Joto halikuwa kali, na presha ilikuwa bado imeshikilia. Watu wenye nguvu ndivyo walivyo. Mwili unavumilia kimya kimya, presha inashikilia mpaka mwisho, halafu inaachia kwa mara moja na hamna mtakachofanya. Kinachotangulia kusema ni pumzi. Nililijua hilo tangu chuoni. Niliwahi hata kumfundisha mwanafunzi.

"Niko sawa, daktari," mwashi akasema. Alivuta pumzi katikati ya maneno mawili. "Nimechoka tu."

Mke wake alikuwa amesimama na kitambaa cha maji mkononi. "Kaka nesi, kuna nini?"

"Hakuna kitu, dada."

Nikaenda kwenye simu.

Daktari mpasuaji tulimwita Nukta, kwa sababu maneno yake yalikuwa machache na kila moja lilikuwa la mwisho. Alikuwa chumba cha upasuaji, ana mtu mezani. Nesi wa kule akamshikia simu sikioni.

"Daktari, kitanda cha tisa anapumua thelathini na mbili."

"Presha?"

"Mia moja na kumi kwa sabini."

"Joto?"

"Thelathini na saba nukta nne."

"Saa kumi na mbili asubuhi alipumua ngapi?"

Nikatazama chati. "Kumi na nane."

"Jana?"

"Kumi na nane."

"Juzi?"

"Kumi na nane."

"Basi ni maumivu au wasiwasi. Mpe dawa ya maumivu. Rudia baada ya saa moja. Nina wawili nyuma ya huyu."

Simu ikakatwa.

Nilibaki nimeishika. Jamani, daktari hakukosea. Mtu aliyepumua kumi na nane siku tatu mfululizo bila kutikisika, leo kapumua haraka dakika moja, ungemwacha mwingine mezani tumbo wazi umkimbilie? Alikuwa amenihukumu kwa ushahidi wangu mwenyewe. Nimesema ukweli kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane, na uongo wangu wa jana ukaupiga ngwala.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa naficha maradhi ya mtu mwingine, na kifo kilikuwa kinajiandaa kumuumbua yeye, si mimi.

Sista Rula alikuwa amesikia mazungumzo yote. Akaja, akamtazama mwashi mara moja tu, akageuka. Alikuwa nesi mzuri, macho yake hayakuhitaji rula.

"Huyu anaondoka," akaninong'oneza. "Lazima Nukta aje."

"Hataki kuja. Chati inasema mtu mzima."

Akafungua droo, akatoa chati mpya, nyeupe.

"Andika upya. Juzi ishirini, jana ishirini na nne, leo ishirini na nane, thelathini na mbili. Akiona inapanda atakuja mbio. Hiyo ya zamani nipe mimi."

Naomba mnielewe hapa. Halikuwa wazo baya. Uongo wa pili ungeweza kumwokoa mtu ambaye uongo wa kwanza ulikuwa unamuua, na mimi ningebaki na kazi yangu, na saa nane wakaguzi wangekuta hakuna nafasi tupu. Nilichukua kalamu. Niliandika ishirini.

Mkono ukagoma hapo.

Sikugoma kwa wema, tusidanganyane. Niligoma kwa sababu namjua Nukta. Akishika chati huwa anauliza swali moja: ilianza lini hasa? Kwa jibu hilo ndiyo anaamua amfungue mtu tena au asimfungue. Na mimi nilikuwa sijui. Ningetunga saa ya kuanza, na yeye angeshika kisu kwa kufuata saa niliyoitunga. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, aibu ya mtu aliyekaa na mgonjwa siku tano na hajui lolote kumhusu.

Wodini mle alikuwepo mtu mmoja tu anayejua.

"Mzee wangu," nikamwambia fundi wa saa. Safari hii heshima ilikuwemo. "Ulianza kumhesabu lini?"

Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa karatasi mbili. Zilikuwa zile karatasi za maelekezo ya kutokula kabla ya operesheni. Alikuwa nazo mbili kwa sababu aliahirishwa mara mbili. Nyuma yake, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, alikuwa ameandika siku, saa na namba.

Juzi asubuhi ishirini. Juzi jioni ishirini na mbili. Jana asubuhi ishirini na nne. Jana mchana ishirini na sita. Leo alfajiri thelathini. Leo saa tatu thelathini na mbili. Pembeni ameandika: jana mchana alikohoa, nimeacha, nimehesabu upya.

"Kwa nini ulikuwa unahesabu?"

"Nimezoea kusikiliza vitu vinavyokwenda. Huyu anakwenda mbio." Akavuta shuka. "Wa kumi na moja sikumpima. Ananipa mgongo."

Nikachukua zile karatasi pamoja na chati yangu ya uongo, yenyewe kama ilivyo. Sista Rula akanizuia mlangoni.

"Ukienda na hizo, unajua unaenda kusema nini?"

"Najua."

"Utataja jina langu?"

"Sahihi ni yangu, Sista."

Akanipisha.

Manesi hatukimbii wodini. Mgonjwa akiona nesi anakimbia, naye anataka kukimbia. Nilitembea haraka mpaka mwisho wa korido, kisha nikakimbia kama mwizi.

Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji kuna mstari mwekundu sakafuni, viatu vya nje haviruhusiwi kuuvuka. Nikasimama juu ya mstari nikaita. Nukta akatokea na barakoa usoni, mikono yenye glovu ameinyanyua juu. Daktari msaidizi wake alikuwa ndani anafunga mshono.

"Daktari, chati ya kitanda cha tisa ni ya kutunga."

"Yote?"

"Kupumua, siku zote. Na ya saa nane mchana ni yote."

"Saa nane ya jana?"

"Ya leo."

Akageuza shingo akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano kasorobo.

Nikamwinulia zile karatasi za mzee mbele ya macho, maana mikono yake ilikuwa haitakiwi kugusa kitu. Akasoma taratibu. Nikageuza ya pili.

"Kaandika nani?"

"Mzee wa kitanda cha kumi. Mwenye ngiri."

"Niliyemwahirisha?"

"Mara mbili."

"Ana taaluma gani?"

"Anatengeneza saa."

Akasoma tena mstari wa juzi asubuhi. "Mlete kitanda cha tisa. Sasa hivi. Wewe tutaongea baadaye."

Sijawahi kuliogopa neno baadaye kama siku ile.

Tukamwandaa kwa robo saa. Dripu mbili, oksijeni, mpira wa mkojo. Mtu akatumwa kufuata damu ya kuongezewa. Ikabaki sahihi ya ndugu, na mimi ndiye niliyempelekea mke wake fomu na kalamu.

"Si uliniambia anaendelea vizuri?"

Nikamwonyesha mahali pa kusaini.

Walimkuta mshono wa utumbo umeachia, na uchafu umejaa tumbo zima. Umeachia si leo. Umeachia juzi, kama mzee wa saa alivyoandika.

Saa nane kamili wakaguzi wakaingia.

Aliyekuja kwetu alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, anatabasamu vizuri, ana ubao wa kuandikia wenye fomu. Akapita kitanda kwa kitanda anafunua chati. Akafika cha tisa. Kitanda kitupu, shuka zimekunjwa. Ile chati yangu ilikuwa imerudi mahali pake. Nukta alikuwa ameisoma akaiachia juu ya machela, na mtu mwenye mikono myepesi akairudisha.

Mama akaichukua. Akasoma mpaka chini.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Chumba cha upasuaji," nikasema. "Tangu saa tano na robo."

"Na saa hii ni saa nane." Akagonga karatasi kwa kalamu. "Na vipimo vya saa nane tayari vimejazwa. Hii ndiyo kasi tunayoitaka."

Nikamtazama kama kuna mzaha. Hapakuwa na mzaha. Sista Rula alikuwa anatazama dari.

Nikajikaza. Nilikuwa nimeshasema mara moja siku hiyo, niliona mara ya pili itakuwa rahisi. "Mama, naomba nikueleze kitu kuhusu hiyo chati."

Akageuka kunisikiliza, ubao ukageuka naye, na macho yangu yakaanguka kwenye fomu yake.

Wodi ya wanaume, upasuaji: tisini na saba. Wodi ya wanawake: tisini na tano. Wodi ya watoto: tisini na sita, na maoni chini, usafi mzuri.

Wodi ya watoto ilikuwa jengo la nyuma. Walikuwa hawajafika.

"Ndiyo, kijana?" akasema.

"Karibuni sana," nikasema.

Nukta alitoka saa tisa. Alinikuta korido, akavua kofia. Jasho lilimlowesha mpaka mgongoni.

"Yuko hai. Saa mbili zaidi, ungeiandikia maiti kumi na nane."

Akapita. Hiyo ndiyo baadaye niliyokuwa naiogopa, na hakuwahi kurudia tena. Kesho yake asubuhi alimpasua mzee wa saa, wa kwanza kabisa kwenye orodha.

Mimi niliandika barua kwa matroni, nikaeleza kila kitu. Akaisoma mbele yangu, akaifungia kwenye kabati, akaniuliza kama nimechoka na kama ninahitaji likizo. "Wodi yenu imepata tisini na saba," akasema. "Unataka nifanye nini na hii barua?" Wiki iliyofuata tukapewa cheti. Sista Rula alipima ukuta kwa rula kabla ya kukitundika.

Basi nikadhani yameisha. Kumbe sehemu ngumu ilikuwa bado.

Siku ya nne, mwashi akiwa amerudi kitanda cha tisa, amekonda, na mipira mitatu ya kutolea uchafu imemtoka tumboni, mke wake alinisubiri nje ya chumba cha dawa.

"Kaka nesi, nimekuja kukushukuru. Mzee wa saa ameniambia ulivyokimbia. Umeniokolea baba wa watoto wangu."

Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Nilitamani sakafu inimeze. Ningeweza kusema asante, ni kazi yetu. Watu wote wakubwa walikuwa wameshanisamehe bila hata kuniuliza.

"Dada," nikasema, "hujajua yote."

Nikamwambia. Kumi na nane, siku tano, bila kuhesabu hata mara moja. Nikamwambia mzee aliniambia jana yake nikamwambia alale. Sikuongeza neno la kujitetea, ingawa yalikuwepo mengi na yote yalikuwa ya kweli.

Aliachia mkono wangu. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Kila asubuhi nilikuwa nakuuliza," akasema.

"Ndiyo."

"Jioni nikirudi nyumbani, watoto wananikuta mlangoni. Wananiuliza baba vipi. Nawaambia nesi amesema anaendelea vizuri. Wanakula, wanalala." Akanitazama usoni. "Siku tano nimewalaza watoto wangu kwa uongo wako."



Kisha akaniuliza, "Sasa hivi ni ngapi?"

Nikafungua mdomo. Wallahi, naapa, namba iliyokuja ulimini ilikuwa kumi na nane.

"Sijui," nikasema.

"Nenda ukahesabu."

Akanifuata nyuma mpaka kitandani. Mume wake alikuwa amelala. Mimi nikasimama upande huu, yeye akasimama upande ule, akatoa simu yake akaweka saa ya kuhesabu. Dakika ile ilikuwa ndefu. Nilikuwa sijui kama dakika ni ndefu hivyo. Unaona kifua kinapanda, kinashuka, kinasita kidogo, unaogopa, kinapanda tena.

"Ishirini na mbili," nikasema.

"Mimi nimepata ishirini na tatu," akasema, bila kunyanyua macho. "Rudia."

Nikarudia.

Alinisimamia hivyo kila siku kwa siku kumi na moja, asubuhi kabla ya kwenda kazini. Hakuniita tena kaka. Siku mume wake alipojamba, wodi nzima ilishangilia, yeye akacheka mpaka akalia, na mimi nilikuwa upande wa pili wa kitanda nimeshika saa, nahesabu. Siku ya kuruhusiwa walisalimia kila mtu. Kwangu mwashi alinipa mkono. Yeye alinitazama tu, akaniambia, "Wapo wengine ishirini na tatu humo ndani."

Mwezi uliofuata nilipata barua ya onyo, ya kwanza katika maisha yangu ya kazi. Kosa: kuacha nafasi tupu sita kwenye chati. Kwa sababu ukihesabu kweli watu ishirini na nne, saa inakuishia, na ambaye hujamfikia unaacha wazi. Barua ninayo. Nimeitunza vizuri kuliko cheti.

Funzo langu ni hili, na si kwa manesi peke yao. Ukimwona mtu wako ana karatasi isiyo na doa, namba zote zimepangika kama meno ya bandia, usifurahi haraka. Vuta kiti, tazama kifua chake dakika nzima, uhesabu mwenyewe. Kisha muulize nesi yeye amepata ngapi.

Akikuambia "sijui, ngoja nihesabu", mshukuru. Akikujibu papo hapo, mwambie arudie.